Chaga Ndani ya Mfuko wa Ndinda

Bi Kazija alivuta zipu mpaka mwisho, akachungulia ndani ya mfuko, akaifunga tena. Kisha alimwomba Ndinda amweleze upya, bila haraka, ni kitu gani hasa alichopoteza.

"Ubao," alisema Ndinda.

"Ubao umo."

"Huo si wangu, Mama."

Juu ya hilo hapakuwa na ubishi. Mfuko mrefu mweusi uliosimamishwa kwenye kona ya stoo ya Mbarak ulikuwa na ubao wa msonobari ambao haujawahi kuona randa, wenye tundu la msumari kila mwisho. Ubao alioueleza Ndinda ulikuwa mwembamba, buluu juu na mweusi tii chini, unateleza kama kioo kilichopakwa mafuta, na ncha zake mbili zimekunjikia juu kama vidole vya mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Kabla ya kuja Guangzhou kununua madera, Bi Kazija alikuwa mpekuzi wa forodha bandarini Unguja. Madera aliyanunua na kuyauza, lakini Waswahili wa mtaa wa Liuhua walipogundua kwamba anaweza kujua kilichomo ndani ya furushi bila kulifungua, hawakumwacha tena afanye biashara kwa amani. Alikuwa ameshawapatia mizigo iliyopelekwa bandari siyo, pasipoti iliyoshonewa ndani ya godoro, na mume mmoja. Vyote alivitafuta kwa namna ile ile: aliuliza kidogo, akanusa sana, wala hakumshuku mtu kabla ya kukishika kitu chenyewe mkononi.

Ndinda alikaa juu ya marobota ya jinzi katikati ya stoo, koti la baridi tayari mwilini, akieleza huku akifuta machozi kwa glavu. Alikuwa binti wa Machakos aliyesoma chuo Sapporo, huko kaskazini ya Japani, na sasa alikuwa akiwatafsiria wanunuzi wa Kijapani katika viwanda vya Guangzhou. Wenzake watatu wa chuo walikuwa wakimngoja huko Japani na gari la kukodi lenye godoro nyuma. Kila jioni wangesikiliza redio kujua theluji itaanguka mlima gani, na usiku huo huo wangeendesha kwenda huko, ili kukipambazuka waikute ikiwa mpya, laini, bado haijakanyagwa na mtu.

Mbarak, mwenye stoo, mtu wa Dar es Salaam mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, aliuliza kama theluji hiyo huwa inawakimbia.

"Haikimbii. Inachafuliwa na watu. Kwa hivyo tunaifuata ile ambayo haijachafuliwa."

"Mkishaipata?"

"Tunasimama juu ya ubao, tunateleza mpaka chini."

"Halafu?"

"Halafu tunaenda kutafuta nyingine."

Mbarak alimtazama Bi Kazija. Bi Kazija aliwahi kumpekua mtu aliyesafirisha konokono hai kutoka Bombay, kwa hiyo aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia jambo la kawaida, akamwambia Ndinda aendelee.

Jambo zito lilikuwa hili. Katika gari hilo angekuwemo mnunuzi wa duka kubwa la michezo, na ubao uliopotea ulikuwa sampo, wa kwanza na wa pekee kutoka kiwanda kidogo cha nje ya mji kilichokuwa kikitengeneza raketi. Ndinda ndiye aliyekitafuta kiwanda hicho na ndiye aliyemshawishi fundi. Ubao ukimbeba vizuri kwenye theluji mpya, oda ingekuja Guangzhou, na yeye asingekuwa tena mtu wa kusimama nyuma ya wanaume na kurudia maneno yao. Angekuwa wakala. Akifika mikono mitupu, mnunuzi alikuwa na sampo ya kiwanda kingine mkononi, na ubao wa pili usingeweza kutengenezwa kabla theluji haijakwisha. Treni yake ya Hong Kong, alikokuwa apande ndege ya Japani, ilikuwa baada ya magharibi. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka nyuma ya stesheni.

Mjini hapa mfanyabiashara aliweza kukutania kuhusu kabila lako, mke wako na hata pasipoti yako, lakini sampo ya mtu haikuguswa. Aliyegusa sampo alihesabiwa kama aliyeingia chumbani kwa mwenzake bila kubisha.

"Nani anaingia humu?" Bi Kazija alimuuliza Mbarak.

Mbarak alivuta kamba shingoni na kuuonyesha ufunguo. Aliapa kuwa anaoga nao. Aliwafungulia watu wawili tu, akiwaacha humo wenyewe: Byron, Mkenya wa viatu, aliyeweka humu katoni zake, na Nassor, aliyekuwa akiwapikia futari mwezi huu wa Ramadhani na kuhifadhi humu magunia ya unga. Kisha aliinama na kunong'ona, ingawa Ndinda alikuwa hatua moja tu kutoka pale, kwamba juzi alimkuta Byron ameupigia magoti ubao ule, ana tepu ya fundi cherehani mkononi.

*

Byron walimpata sokoni Zhanxi, ndani kabisa ya jengo la viatu, amekaa juu ya katoni anakula tambi. Alipomwona Bi Kazija alilisukuma bakuli nyuma ya buti za kike, akajifuta mdomo, akasimama. Yeye alikuwa wa kanisani, lakini tangu mwezi uandame hakuwahi kula mbele ya mtu aliyefunga.

"Keti ule," alisema Bi Kazija. "Ubao ulikuwa na urefu gani?"

Byron alitaja urefu, upana na unene bila kufikiri. Halafu akajiona alivyojitia kitanzini.

"Aki Mathe, kuiba sijaiba. Niliiba vipimo tu."

"Vya nini?"

Ilibidi avutwe kidogo. Byron alikuwa amewaza kwamba ubao mwepesi kiasi kile, unaoteleza kiasi kile, ukitiwa miguu ungekuwa ubao wa kupigia pasi ambao Nairobi haijawahi kuuona. Shati lingepita juu yake lenyewe. Alichora mchoro na kuupeleka kwa laoban mmoja orofa ya juu, na bosi huyo, kama mabosi wote wa Zhanxi, aliupepea mchoro mbele ya uso wake na kusema *mei you*, hakuna: hana kazi na karatasi, alete sampo.

"Na ukaenda kuileta," alisema Bi Kazija.

"Nilienda kuiomba. Jana jioni, Mbarak akanifungulia. Ndinda hakuwepo. Nikasema wacha niishike tu kidogo, nikaingiza mkono kwenye mfuko." Aliufungua mkono wa kulia. "Ikaniuma."

Chini ya kidole gumba kulikuwa na kibanzi, na ngozi imevimba. Bi Kazija alichomoa pini kwenye mtandio wake, akamwambia atazame pembeni, akakitoa. Alikiinua kwenye mwanga wa taa, akakinusa. Byron alijisikia vibaya, akaketi.

"Ulipoona si ule ubao, mbona hukusema?"

"Nilidhani amejua nia yangu. Nikadhani ameuficha ule mzuri akaniwekea huu kunipa somo. Nikaona haya, Mathe. Tangu jana namkwepa."

Mbarak alitaka apekuliwe. Bi Kazija alimrudishia Byron bakuli lake na kumwambia aoshe mkono kwa maji ya chumvi.

Njiani, wakipishana na mikokoteni iliyojaa mpaka wasukumaji hawaonekani, alimfafanulia Mbarak kwa nini. Anayeiba ili akimbie anaondoka na mfuko. Huyu aliuacha mfuko, akautia kitu cha urefu ule ule, akafunga zipu. Alitaka mwenye mali asishtuke. Mtu hasumbuki kuficha pengo kama hatakuwepo siku litakapoonekana.

"Kwa hiyo yupo," alisema Mbarak.

"Yupo, na anakula nasi. Tena jana usiku alilala vibaya."

"Hilo umelijuaje?"

"Ule ubao ni chaga, Mbarak. Una alama ya godoro katikati. Mtu ametoa chaga ya kitanda chake."

*

Juu ya stoo ndipo walipolala wanaume, vitanda vya mbao vimebanana kama mafurushi. Bi Kazija alisimama mlangoni, akatanguliza hodi na kukohoa mpaka kila aliyekuwemo akajisitiri, kisha akawaomba walale, mmoja mmoja, kila mtu kitandani mwake. Wengine walicheka. Mzee mmoja wa Tanga aliuliza kama huu ni ugonjwa mpya. Bi Kazija alipita akimulika chini kwa kurunzi, akitazama matumbo ya magodoro. Cha Mbarak kilipiga kelele zote ambazo kitanda kinaweza kupiga, lakini chaga zake zilikuwa kamili.

Mbarak alipoinuka alisema, kwa sauti ndogo kuliko kawaida, kwamba maadamu wako hapo, chumba hiki kina jambo. Jana usiku kucha mtoto alikuwa akilia. Alipowaambia wenzake walimcheka, wakamkumbusha kuwa mwezi huu majini wote wamefungwa minyororo.

"Analilia upande gani?"

Alionyesha kitanda cha mwisho, karibu na jiko. Hakikuwa na mtu. Bi Kazija alikiendea, akaweka kiganja katikati ya godoro, akakandamiza.

"Mama," lilisema godoro.

Mzee wa Tanga aliondoka chumbani. Bi Kazija alikandamiza tena, mara mbili, likamwita mara mbili. Aliinua pembe ya godoro. Pale palipokosa chaga palikuwa pamesukumiwa katoni ya wanasesere kutoka maduka ya Yide Lu, wale wa kulia ukiwabonyeza tumbo, na kila mwenye kitanda alipojigeuza, alimlalia mmojawapo.

"Kitanda cha nani?"

"Cha Nassor," alisema Mbarak. Alikuwa na uso wa mtu aliyeondolewa mzigo mkubwa.

Nassor alikuwa jikoni, ameinama juu ya meza, anakunja sambusa. Aliinama hata aliposimama wima, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa kijana wa Pemba, mpole kupita kiasi, aliyekuja kununua vifaa vya umeme na kugundua kwamba watu wote wa jengo lile walimpenda zaidi akiwa na kisukumio mkononi.

Bi Kazija hakumuuliza habari za ubao. Alimuuliza mgongo, akaambiwa alhamdulillahi. Halafu akasema kwamba jambo moja limekuwa likimsumbua: futari ya jana sambusa zilikuwa nzuri, ila mbona zilikuwa na ladha ya mshumaa?

Vidole vya Nassor viliacha kukunja.

"Ilibaki kidogo," alisema. "Niliikwangua kwa kisu na maji ya moto, Bi mkubwa, wallahi. Ule ubao umepakwa nta. Sikujua kwa nini mtu apake ubao nta."

"Ili uteleze."

"Ndo mana. Manda ilikuwa inakimbia peke yake."

Baada ya hapo ilitoka yote, naye hakuhitaji kubanwa. Manda za sambusa zinataka ubao mrefu ili zisukumwe nyembamba na kukatwa moja kwa moja. Yeye alikuwa akitumia mlango wa kabati, mpaka mwenye nyumba alipokuja kuurudisha kwenye kabati lake. Siku hiyo hiyo alishuka stoo kuchukua unga, akauona mfuko umefunguka zipu kidogo. Watu wote wa jengo walikuwa wanangoja futari. Aliuazima kwa jioni moja. Chaga aliiweka ili mwenyewe akiona mfuko asiingiwe na hofu.

"Jioni moja," alisema Bi Kazija. "Na leo je?"

"Leo nasukumia mezani, kama uonavyo. Ule nilishaumaliza. Ningeurudisha leo asubuhi."

"Kwa nini hukuurudisha?"

Nassor aliinamisha kichwa. Hapa ndipo alipoona haya, lakini si haya ya mwizi. Ilikuwa ya mtu anayelazimishwa kusema wema wake kabla haujakamilika.

"Ulikuwa umepinda, Bi mkubwa. Mbele umepinda na nyuma umepinda. Hawa wa kiwandani wamemwonea yule dada, wamempa ubao mbovu naye hakuona. Nikasema siwezi kuutumia ubao wa mtu kisha nimrudishie na kasoro yake. Nikaupasha kwa mvuke wa sufuria, kama afanyavyo seremala kwetu, nikauweka chini ya marobota. Unanyooka."

Mbarak alikaa juu ya gunia la vitunguu.

"Marobota yepi?" aliuliza Bi Kazija, ingawa alikuwa ameshageuka kuelekea kwenye ngazi.

"Ya jinzi. Pale katikati."

*

Ndinda alikuwa bado amekaa pale pale juu ya marobota. Walipomwomba ainuke alidhani wanataka kumpeleka polisi kuandikisha. Bi Kazija alimshika mikono yote miwili na kumweleza mwenyewe, kwa sababu habari kama ile haikufaa itoke kinywani mwa Nassor, aliyekuwa amejificha nyuma ya Mbarak na kuonekana pande zote mbili.

Byron alifika akiwa na kitambaa mkononi, akasaidia. Waliliondoa robota la kwanza, la pili, la tatu. Lilipobaki la mwisho, Mbarak alilikumbatia, akalivuta upande wake. Ncha ya mbele ya ubao iliachiliwa ghafla, ikaruka juu na kumvua kofia bila kumgusa kichwa.

Ilikuwa imekunjika vizuri, kama ilivyotoka kiwandani. Ndinda alicheka kidogo, halafu akatazama mwisho wa pili.

Mkia ulikuwa umelala. Gundi ya sampo ile ilikuwa bado changa, mvuke ulikuwa umeingia upande huo zaidi, na sasa mkia ulikuwa umenyooka kama rula ya shule. Ndinda alipiga magoti akaubonyeza. Haukuinuka. Aliugeuza, akaupapasa kingo zote akitafuta ufa, akaugonga kwa kifundo cha kidole huku sikio likiwa karibu. Kutoka juu redio ya mtu ilianza kusoma Kurani, maana yake magharibi imekaribia, na pamoja na magharibi, treni.

"Dada'angu," alianza Nassor, "nitakwenda mimi kiwandani..."

"Nipe unga," alisema Ndinda.

Nassor alidhani hakusikia vizuri.

"Unga. Gunia lako moja. Tafadhali."

Alitandika nailoni sakafuni, akafungua gunia na kumwaga unga wote, lundo jeupe la kufika magotini. Nassor alitoa sauti kama ya mmoja wa wanasesere wake. Ndinda alivua viatu, akaulaza ubao juu ya lundo, akamshika Byron bega na kupanda, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kisha akaegemea nyuma polepole.

Mkia ulizama. Ncha ya mbele ilibaki juu ya unga, safi, inatazama mlango.

Alishuka, akapanda, akafanya vile vile tena. Ndipo alipowaeleza, kwa maneno ya haraka. Theluji iliyokanyagwa ni ngumu, ubao unaweza kukunjika kote kote. Theluji mpya ni kama huu unga: ncha ya mbele ikizama umepinduka, kwa hivyo unataka mbele kuelee na nyuma kuzame. Alikuwa amemwomba fundi wa kiwandani amlazie mkia. Aliomba kwa Kichina, akaomba kwa kuchora. Fundi alikataa kila mara, akisema mchoro ni mchoro.

"Kwa hiyo umepona?" aliuliza Mbarak.

"Sijui. Nitajua nikiwa juu ya mlima. Unaweza kuvunjika siku ya kwanza." Alikuwa tayari anaufuta kwa mkono wa koti. "Lakini naenda nao. Nassor, ulipasha mvuke kwa muda gani? Sufuria gani?"

Nassor alitazama huku na huku, hajui kama bado anahojiwa. Alisema ilikuwa sufuria ya maharage, na muda ulikuwa wa maharage kuiva. Ndinda alimwambia arudie, akayarudia naye kimoyomoyo, midomo ikicheza, kama mtu anayehifadhi sura kwa ajili ya mtihani.

Adhana ililia kwenye redio. Bi Kazija aligawa tende alizokuwa nazo mfukoni, akampa na Byron na Ndinda, na kwa muda mfupi walisimama wote wakitafuna kuzunguka lundo la unga. Kesi ilikuwa imekwisha. Ilibaki kuutia ubao mfukoni na kumtafutia binti teksi ya stesheni, na Mbarak alitoka kwenda kuisimamisha.

Nassor ndiye hakutulia. Aliuzunguka ubao mara moja, akainama kadiri mgongo ulivyomruhusu, akaitazama ncha ya mbele kwa huruma.

"Dada'angu, nimefurahi sana kwamba huku nyuma kumekubali," alisema. "Ila huku mbele bado kumepinda. Teksi haijaja. Tukiweka marobota mawili sasa hivi..."

Alikuwa ameshalishika moja. Bi Kazija alimeza tende yake, akatembea mpaka kwenye lile robota, akalikalia, akajiweka sawa na dera lake. Nassor alimwomba ainuke kidogo tu. Bi Kazija alimwambia, kwa upole, kwamba sambusa zake zinapoa. Hakuinuka pale mpaka honi iliposikika nje, ubao ukatoka mlangoni, na teksi ikaondoka nao.